Msanii anapogeuka tabibu: Eastlands na chupa ya mitishamba

MSANII anayeghani mashairi ya kuwakemea polisi wauaji katika ukumbi wa mtaa, kisha akashuka jukwaani na kufungua mkoba wenye magome ya muthiga na unga wa mwarobaini, hawezi kuwa kioja kwa mkazi wa Eastlands, jijini Nairobi.

Katika mitaa hiyo iliyotandaa kuanzia Gikomba na Pumwani hadi Kayole na Dandora, sanaa, harakati za kutetea haki na tiba ya mitishamba ni kazi zilizoishi ujirani kwa miaka mingi. Hufanywa katika vichochoro vile vile, husumbuliwa na askari wale wale wa kanju, na mara nyingine hukutana katika mtu mmoja.

Kukutana huko kuna faida zake. Anayewatetea jirani zake wasibomolewe nyumba hujulikana mlango wake, na mgonjwa asiye na nauli ya kufika hospitalini humwendea bila woga wala kupanga foleni. Lugha anayozungumza ni yake, na bei ni ya kuelewana.

Hata hivyo, ipo hatari ambayo haijajadiliwa ipasavyo. Makofi anayopigiwa msanii kwa ujasiri wake huweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa ubora wa dawa yake. Aliyemwamini kuhusu ardhi na polisi humwamini pia kuhusu figo, kisukari na presha, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Ili kuelewa jinsi kazi hizi zilivyokuja kushikamana, na kwa nini sheria za Kenya zimeshindwa kwa muda mrefu kuamua zimweke wapi mtu wa aina hii, ni sharti kurejea nyuma zaidi ya karne moja, tena mbali na Nairobi.

Mganga machoni pa mkoloni

Mnamo 1913, katika nchi ya Wagiriama iliyo nyuma ya Malindi, mwanamke aliyeitwa Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu wake kwa ngoma ya kifudu, ambayo kwa desturi huchezwa wakati wa matanga. Palipokusanyika umati wa kutosha, aliwahutubia wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa. Wanawake na wanaume wakala viapo vya jadi vya kutoshirikiana na Waingereza.

Serikali ilimkamata pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola na kuwapeleka Kisii, umbali ambao ilidhani ungewanyamazisha. Walitoroka Januari 1914 na kurejea pwani kwa miguu. Agosti mwaka huo, Waingereza walilipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu uliokuwa makao ya ibada na uganga wa kabila hilo.

Kwa afisa wa kikoloni, funzo la vita hivyo lilikuwa wazi: mahali palipo na ngoma, kiapo na dawa, hapakosi uasi. Upande wa kusini, Wajerumani walikuwa wamekwisha kulipata funzo lilo hilo katika vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905 kwa dawa ya maji ya Kinjeketile Ngwale.

Ni katika hali hiyo ya wasiwasi ndipo ilipotungwa sheria ya uchawi ya Kenya, ambayo toleo lake la 1925 lingali katika vitabu vya sheria. Sheria hiyo inamtia hatiani yeyote anayejitangaza kuwa mganga mwenye uwezo wa kuwatia wengine hofu, usumbufu au madhara, pamoja na anayejidai kuwa na nguvu za kimiujiza kwa nia hiyo.

Hapa lugha ya Kiswahili ina ufasaha ambao sheria haikuwa nao. Katika Kiswahili, mchawi na mganga ni mahasimu. Mchawi huroga, mganga hugangua. Sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza iliwatia wote wawili katika chungu kimoja, na mwenye kuchemsha mizizi yake bila uchawi wowote akajikuta akifanya kazi chini ya kivuli cha jela.

Sanaa nayo haikusazwa. Ngoma ya Muthirigu, iliyoimbwa na Wakikuyu kuwakejeli wamishonari na maafisa wa serikali kuhusu tohara ya wasichana, ilipigwa marufuku mwaka 1930. Leo wapo wengi wasiokubaliana na lililotetewa na nyimbo hizo, na ni haki yao. Linalohusu makala haya ni kwamba serikali ilizichukulia kuwa silaha.

Mitaa iliyolelewa na ukaidi

Eastlands ilijengwa na serikali iyo hiyo kwa ajili ya Waafrika waliohitajika mjini kama vibarua. Pumwani ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya waliohamishwa Pangani, na jina lake linaeleza vya kutosha walivyojisikia waliotakiwa kuingia humo. Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940, kwa sehemu kwa nguvu za mateka wa vita wa Kiitaliano.

Wakazi walitoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alikuja na dawa za kwao. Mluhya alileta mukombero, Mkikuyu alijua muthiga na muiri, Mmaasai aliujua mti uo huo wa muthiga kwa jina la osokonoi, na Waswahili wa Majengo walikuja na maarifa ya pwani ya kufukiza na kuchua. Hapakuwa na sababu ya mtu kuacha dawa ya mama yake eti kwa kuwa amepewa chumba kimoja na Shirika la Reli.

Kumbi za kijamii zilizojengwa ili wafanyakazi wajiburudishe ziligeuka mabunge. Ni katika Ukumbi wa Kaloleni, Aprili 23, 1950, ambapo mtetezi wa wafanyakazi Makhan Singh alisimama na kudai uhuru kamili kwa nchi za Afrika Mashariki. Jumba lile lile liliandaa ngoma, densi na mikutano ya vyama, na haikuwa rahisi kusema burudani iliishia wapi na siasa ikaanzia wapi.

Miaka minne baadaye, Aprili 24, 1954, majeshi yaliizingira Nairobi katika msako wa Operesheni Anvil. Maelfu ya wanaume, wengi wao wa Eastlands, walitolewa vitandani na kupelekwa vizuizini Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road kwa kushukiwa kuwa wa Mau Mau. Kiapo kikawa ndicho kosa kubwa. Kwa mara nyingine mwenye maarifa ya jadi, mwimbaji na mwanaharakati wakapangwa katika mstari mmoja mbele ya mshale wa kuchuja watu.

Haikuwa bahati nasibu, basi, kwamba vijana wa Dandora waliochipuka katika muziki wa kufokafoka mwishoni mwa miaka ya 1990 walijiita Mau Mau. Kundi la Kalamashaka na wenzao, walioungana baadaye na Ukoo Flani wa Mombasa, walichukua jina ambalo shule ziliwafundisha kwa haya. Albamu ya Kilio cha Haki, iliyorekodiwa Eastlands na kutoka mwaka 2004, ilizungumzia njaa, polisi na uchafu kwa Sheng ya mtaani.

Afisi moja, wateja wawili

Baada ya uhuru, serikali haikujua la kufanya na tabibu wa mitishamba. Wizara ya Afya haikumtaka. Hatimaye aliangukia mikononi mwa idara ya utamaduni, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyomwandikisha na kumpa cheti.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Idara hiyo ndiyo iliyoshughulikia wacheza ngoma, wachongaji na waigizaji. Hivyo serikali yenyewe ilimweka msanii na tabibu mbele ya dirisha moja, ikawachukulia wote kuwa urithi wa taifa wa kuonyeshwa siku za sikukuu. Cheti kilichotoka dirishani hapo kilimtambua mwenye nacho kama mtu wa mila. Hakikusema lolote kuhusu kilichomo ndani ya chupa yake.

Wateja wengi hawaijui tofauti hiyo. Cheti chenye nembo ya serikali kikitundikwa kibandani, mgonjwa hudhani kwamba dawa imepimwa.

Sheria ya Afya ya 2017 ilikusudia kusahihisha kasoro hiyo. Inaitaka serikali iandae sera ya tiba ya jadi na tiba mbadala, watabibu wasajiliwe na kupewa leseni na chombo maalumu kitakachoundwa kwa sheria, maarifa yao yahifadhiwe katika kumbukumbu, na pawepo utaratibu wa kumhamisha mgonjwa kutoka kwa tabibu wa jadi hadi hospitalini. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imepitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi, kwa kufuata Katiba ya 2010 inayotaka jamii zifidiwe utamaduni wao unapotumiwa.

Kwenye karatasi, hatua hizo ni kubwa. Katika utekelezaji, mwendo umekuwa wa kobe. Bidhaa za mitishamba zinazofungashwa na kuuzwa madukani zinatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, lakini dawa nyingi za Eastlands hazifiki dukani. Huuzwa kwenye mkokoteni, steji ya matatu, au sebuleni kwa mtu.

Mfano wa Bi Kidude

Mfano unaojulikana zaidi katika Afrika Mashariki wa msanii aliyekuwa pia mtaalamu wa mitishamba unatoka visiwani. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana na wengi kama Bi Kidude, alikuwa mwimbaji wa taarab na mpigaji ngoma ya unyago wa Zanzibar. Aliimba hadi uzeeni kabisa, akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005, na akafariki Aprili 17, 2013.

Ulimwengu ulimjua kwa sauti yake. Jirani zake walimjua pia kwa hina na dawa za mitishamba, na kwa kazi yake ya kuwafunda wasichana wanaoingia utu uzima. Katika unyago, mwali hufundishwa mwili wake, ndoa na heshima yake mwenyewe kwa ngoma na nyimbo. Mwimbaji, mwalimu na mganga ni mtu mmoja, kwa sababu somo lenyewe halikugawanywa.

Wala taarab aliyoirithi haikuwa ya mapenzi matupu. Siti binti Saad, aliyemtangulia na ambaye sahani zake zilirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, aliimba kuhusu mwanamke aliyeuawa na mahakama iliyowaadhibu mashahidi huku muuaji akitoroka. Wimbo huo, Kijiti, ni wa harakati kama zilivyo nyimbo za Dandora, ingawa uliimbwa kwa fidla.

Lakini ipo tofauti moja kati ya Bi Kidude na msanii-tabibu wa Eastlands, na ndiyo kiini cha suala hili. Dawa ya unyagoni hupita katika mikono inayojulikana. Somo anamjua mwali, anamjua mama yake, na akikosea atakutana na aibu yake mlangoni kesho asubuhi. Chupa ya Eastlands, hasa tangu simu za mkononi zilipoanza kubeba video na matangazo, hufika kwa mtu wa Kitengela au Kakamega ambaye mwuzaji hatamwona kamwe. Maarifa ni yale yale. Kizuizi cha aibu ndicho kilichoondoka.

Udongo wa Dandora

Kuna jambo jingine ambalo bibi zetu hawakuhitaji kulifikiria: mahali mmea unapoota.

Jaa la Dandora, lenye ukubwa wa takriban ekari 30, limekuwa likipokea taka za Nairobi tangu katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kinachofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Karibu nusu walikuwa na matatizo ya kupumua.

Uchunguzi huo ulipima udongo pia. Asilimia 42 ya sampuli zilikuwa na risasi kwa kiwango kinachokaribia mara 10 ya udongo usiochafuliwa. Jaa limepakana na Mto Nairobi, ambao kwenye kingo zake hulimwa sukuma wiki, mchicha na, bila shaka, baadhi ya mimea inayoishia kwenye sufuria za dawa.

Hapo ndipo mwanaharakati na tabibu wanapogongana ndani ya mtu mmoja. Kama mwanaharakati, anajua kwamba mtoto wa Korogocho anakohoa kwa sababu ya moshi wa jaa, na anapaza sauti ili jaa liondolewe. Kama tabibu, anaweza kumpa mtoto yule yule majani yaliyochumwa hatua chache kutoka mahali moshi unapotokea.

Kuchemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu, lakini risasi ni madini; haiungui wala haifuki. Maji yakipungua sufuriani, kilichobaki huwa kikali zaidi. Kuosha majani huondoa vumbi la juu, na hilo ni jema, lakini hakugusi kile ambacho mizizi imekwisha kukifyonza.

Madhara ya risasi kwa mtoto hayaonekani jioni ya siku hiyo. Hudumaza akili polepole, huleta upungufu wa damu, na mzazi huweza kudhani kwamba mwanawe ni mzito darasani tu. Ndiyo sababu si rahisi kwa mtu yeyote kurudi kwa tabibu na kumlaumu, na tabibu mwenyewe huendelea kuamini kwa moyo safi kwamba dawa yake haijamdhuru mtu.

Mnamo Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi ukomeshwe na jaa la Dandora lifungwe katika muda wa miezi sita. Miezi hiyo ilipita, na malori yakaendelea kumwaga taka.

Jina moja, miti miwili

Hata mmea uliotoka mbali na jaa una mitihani yake. Chukua mwarobaini, mti ambao sifa yake mitaani haina mpinzani. Jina lake latokana na imani kwamba unatibu magonjwa arobaini. Wengi huuita dawa ya Kiafrika, ingawa asili yake ni Bara Hindi na ulivuka bahari kuja kwetu.

Mwarobaini hupenda joto na hustawi zaidi pwani. Katika baridi ya Nairobi, mti unaoonekana mara nyingi barabarani na kwenye nyua ni jamaa yake, Melia azedarach, wenye maua ya zambarau na matunda ya manjano. Majani yake yanafanana na ya mwarobaini machoni pa asiye mzoefu, lakini matunda yake yana sumu. Anayejifunza uganga kwa picha za simu anaweza kuchuma mti usio wenyewe na kuuita kwa jina la mwenyewe.

Kisha upo mchanganyiko wa dawa mbili. Mimea kadhaa hushusha sukari mwilini, na hilo laweza kuwa kweli kabisa. Mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge vya hospitali na kunywa dawa hiyo bila kumweleza daktari anaweza kuanguka kwa kupungukiwa na sukari. Hapa dawa zote mbili zimefanya kazi; kilichokosekana ni mazungumzo. Daktari anayemkaripia mgonjwa kwa kutumia mitishamba huchangia kosa hilo, maana aliyekaripiwa mara moja hataitaja tena.

Haya hayana maana kwamba mitishamba ni upuuzi. Dawa za malaria zinazotumika leo katika zahanati zote za Kenya zina asili ya mmea uliojulikana China kwa karne nyingi, na mtafiti Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Gome la muiri limetumika Ulaya kwa miongo kadhaa kutengeneza dawa ya tezi ya wanaume wazee. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI), iliyoanzishwa mwaka 1979, ina kituo maalumu kinachoshughulikia tiba za jadi. Maarifa yapo. Yanayotakiwa ni vipimo.

Umati si kipimo

Kenya imewahi kuumwa na nyoka huyu, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1996, wakati ukimwi ulipokuwa ukimaliza familia na hapakuwa na dawa iliyofikiwa na mwananchi wa kawaida, ilitangazwa dawa iliyoitwa Pearl Omega kwamba inaponya. Watu waliuza mali kuinunua. Haikuponya.

Mwaka 2011, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka kuelekea Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kiliuzwa Sh500 za Tanzania, bei ambayo hakuna awezaye kuiita ya ulafi. Mzee huyo, aliyefariki mwaka 2021, aliaminiwa na wakuu wa serikali na maskini sawia. Miongoni mwa waliokwenda walikuwamo walioacha dawa za kupunguza makali ya ukimwi na za kifua kikuu, na kuacha dawa hizo ni hatari isiyohitaji maelezo.

Katika visa vyote viwili, urefu wa foleni ulichukuliwa kuwa uthibitisho. Msanii anaielewa nguvu hiyo kuliko daktari yeyote, kwa kuwa ndiyo anayoishi nayo: ukumbi ukijaa, wimbo umefaulu. Ukumbi ukijaa wagonjwa, hata hivyo, maana yake ni kwamba wagonjwa ni wengi.

Sheria ya Kenya ya vyakula, dawa na kemikali inakataza kutangaza dawa yoyote kwamba inaponya magonjwa mazito yaliyoorodheshwa ndani yake. Katazo hilo linamhusu mwenye kampuni kama linavyomhusu mwenye kipaza sauti mtaani Kariobangi. Wapo watakaosema kwamba ni njia nyingine ya kumnyamazisha mnyonge. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama anayeumia kwa ahadi ya uongo angekuwa tajiri. Anayeumia ni jirani.

Mwanaharakati anapodai bajeti ya kaunti ibandikwe ukutani, kila mtu asome zilikokwenda fedha, anadai jambo la haki. Chupa yake nayo inaweza kubandikwa karatasi inayoeleza mti uliotumika kwa jina la kienyeji na la kitaalamu, sehemu ya mti, mahali ulipochumwa, tarehe ya kutayarishwa, kiasi cha kunywa, na wasiopaswa kuinywa, wakiwamo wajawazito na wanaotumia dawa nyingine. Karatasi hiyo haihitaji kungoja Bunge. Anayefahamu kuandika mashairi hawezi kushindwa na mistari sita.

Wapo watabibu wanaosita kwa kuhofia kuibiwa. Wakitaja mti, asema mmoja wao na mwingine, kesho kampuni itauchukua. Hofu hiyo ina msingi. Historia ya muiri ni ushahidi. Magome yalivunwa kwa wingi kwa ajili ya viwanda vya Ulaya hadi mti huo ukawekwa, mwaka 1995, chini ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Sheria ya 2016 ilitungwa kwa ajili ya hofu kama hiyo, na wanaharakati wenye ujuzi wa kusoma sheria wangeweza kuwasaidia wazee wengi kuandikisha wanachokijua kabla hawajafariki nacho.

Miti ya Mathare

Mtaani Mathare, vijana walio karibu na Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare wamekuwa wakipanda miti kwa jina la vuguvugu la Mathare Green Movement, baadhi yake ikiwa ya kuwakumbuka waliouawa na polisi. Kituo hicho ndicho kilichotoa ripoti ya mauaji hayo mwaka 2017, na washairi na waigizaji wake hupeleka ujumbe uo huo barabarani. Korogocho nako, kundi la Komb Green Solutions limegeuza ukingo wa mto uliokuwa jalala na maficho ya wezi kuwa bustani ya watu.

Kupanda mti kwa jina la marehemu kunamweka msanii, mwanaharakati na mpenda mitishamba mahali pamoja bila ugomvi. Mti huo ni kumbukumbu, ni kivuli, na ni dai dhidi ya serikali lisiloweza kung'olewa kwa urahisi kama bango.

Lakini asiuchume kwa dawa. Udongo wa ukingo wa mto huo unapaswa kupimwa kwanza, na hadi hapo majani yake ni ya kutazamwa. Dawa itoke kwenye udongo unaojulikana, na namna ya kuvuna nayo iangaliwe. Muthiga unaovuliwa gome kuzunguka shina lote hukauka ukafa, na ndivyo ilivyo miti mingi karibu na vijia vya misituni vinavyopitiwa na wavunaji wa masoko ya Nairobi. Watafiti wamependekeza majani yatumike badala ya gome kila inapowezekana, kwa kuwa majani huota tena. Muiri utakaopandwa leo utahitaji zaidi ya miaka 10 kabla gome lake halijafaa kuvunwa, na kwa hivyo atakayeutumia huenda sasa yumo katika shule ya msingi, mahali fulani kati ya Dandora na Kaloleni.